Stoo ya Chumba Namba Tisa

Asmahani binti Mselem hakukubali kwa siku moja kuliuza jengo la marehemu babake. Ilichukua karibu mwaka mzima. Mdogo wake, Hilal, aliyehamia Maskati tangu ujana, alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa baada ya sala, na kila Ijumaa maneno yalikuwa yaleyale: paa linavuja, wapangaji wanaondoka mmoja mmoja, ofisi siku hizi zinataka majengo yenye lifti na mahali pa kuegesha magari.

"Dada, wewe una kazi yako ya kufundisha. Utakimbizana na mafundi wa mabomba mpaka lini?"

Asmahani aliendelea kusahihisha madaftari ya jiografia, simu ameibana kwa bega.

Jengo lenyewe lilikuwa mjini Tanga, mtaa wa pili kutoka bandarini. Maduka chini, ghorofa mbili juu, vibaraza vya chuma kwa mbele, na ngazi pana za mbao zilizomlilia kila mtu kwa mlio wake. Lilijengwa enzi mkonge ulipokuwa mali. Shirika lililokuwa na ofisi humo lilipofungwa, miaka ya tisini, jengo likapigwa mnada na Mzee Mselem, aliyekuwa wakala wa forodha, akalinunua. Watu wakaacha kuliita kwa jina la shirika, wakaliita kwa Mselem. Mzee alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na urithi ulikuwa umekwisha kugawanywa: Hilal mafungu mawili, Asmahani fungu moja.

Mnunuzi alipatikana baada ya Ramadhani. Bwana Fadhil alikuwa Mpemba wa Wete mwenye biashara zake Dar es Salaam, na alikwisha kuyageuza majengo mawili ya namna hiyo kuwa fleti za kuuza, kila mwenye fleti na hati yake mwenyewe. Alisema Tanga ina wageni wengi siku hizi kwa sababu ya bandari na bomba la mafuta, na wanaishi hotelini kwa kukosa nyumba nzuri mjini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipita vyumbani mikono nyuma, akagonga ukuta mmoja kwa kiungo cha kidole, akasema, "Waliojenga hapa hawakuiba saruji." Wakaafikiana bei, na kabla ya kuandikiana mkataba akamtuma msanifu wake, binti mmoja aitwaye Suhaila, aje kupima kila chumba.

Wapangaji wa ofisi walikuwa wamebaki wanne, na wote walikwisha kupewa notisi. Wakili alikuwa amepata mahali karibu na mahakama. Mtu wa bima alikuwa anahamia kwenye jengo jipya. Chama cha wastaafu wa mkonge kilikuwa na makabati mawili tu na muhuri. Wa nne alikuwa Bi Rahila wa chumba namba tisa, ghorofa ya pili.

Bi Rahila alikuwa mchapaji. Alianza na taipureta, akaja kwenye kompyuta, na watu waliendelea kumpelekea wosia, mikataba ya viwanja, barua za maombi ya kazi, hata talaka. Alikuwa na miaka sitini na saba, mwembamba, baibui lake limepigwa pasi siku zote, na chumba chake kilinukia udi. Asubuhi ukifika ungemkuta, jioni ukiondoka ungemwacha. Wapangaji wenzake walimsifu kwa uchapakazi.

Suhaila alikuja Jumatano na kifaa kidogo cha kupimia kilichotupa doa jekundu ukutani. Asmahani alimfuata na funguo. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika chumba namba tisa. Suhaila alipima, akaandika, akatoka nje, akapima ukumbi, akarudi tena.

"Mama, chumba hiki kimepungukiwa na mita mbili na nusu," alimwambia Asmahani. "Kwa nje ni kirefu sawa na namba nane."

Bi Rahila alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake. Hakugeuka. "Ni stoo ile," akasema, akionyesha kwa kidevu mlango mwembamba katika ukuta wa mbao nyuma ya kabati. "Makaratasi ya miaka yote."

"Naweza kuingia nipime, bibi? Dakika moja tu."

"Ufunguo nimeusahau nyumbani, mwanangu. Uje siku nyingine."

Suhaila akaandika alama ya kuuliza kwenye mchoro wake, wakaendelea na chumba namba kumi.

Jumapili iliyofuata, saa mbili asubuhi, Asmahani alirudi peke yake. Bwana Fadhil alikuwa ameomba ramani ya zamani ya jengo, na Asmahani alikumbuka kwamba babake aliiweka kwenye kabati la chumba chake cha ghorofa ya pili. Jengo lilikuwa kimya, maduka yamefungwa. Alipofika juu alisikia maji yakimwagika bafuni, kisha mlango ukafunguka, na Bi Rahila akatoka na ndoo mkononi, amejifunga khanga, kandambili miguuni, nywele zake za mvi zimelowa na zimeachwa wazi mabegani.

Walitazamana.

"Shikamoo, Bi Rahila," Asmahani akasema, kwa kuwa ndilo neno lililokuja.

"Marahaba." Bi Rahila alihamisha ndoo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Hakujaribu kuficha nywele wala kutafuta maelezo. "Basi ingia, mwanangu. Chai iko tayari."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na karatasi hata moja. Palikuwa na kitanda chembamba kilichotandikwa shuka la mistari, chandarua kimefungwa fundo juu yake, msala umekunjwa, sanduku la bati, redio, mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, na birika. Dirisha lilitazama bandarini. Pazia lake lilikuwa la kitambaa kizito, zito kuliko ilivyohitajika kwa jua.

Asmahani alikaa kwenye sanduku. Bi Rahila alijitanda ukaya kichwani, akamimina chai ya tangawizi kwenye vikombe viwili, akakaa kitandani.

"Tangu lini, mama?"

"Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, ukiingia itatimia miaka kumi na moja."

Alisimulia bila kuharakisha. Mumewe, Abdulwakil, alifariki, naye akakaa eda katika nyumba ileile ya Chumbageni walimoishi. Eda ilipokwisha, watoto wa mke mkubwa wakataka nyumba iuzwe, ikauzwa. "Haki yangu nilipewa. Siwezi kusema nilidhulumiwa. Lakini thumni, fungu moja katika manane, na ukaigawa tena na mke mwenzio, hainunui hata mlango. Kaka yangu yuko Moa, alisema njoo ukae nasi. Nikamwambia nitakuja, acha nimalize kazi za watu nilizopokea. Nikalala hapa wiki moja. Kazi hazikwisha, unajua kazi za watu haziishi. Ikawa mwezi. Halafu nikaona nimezoea."

"Baba alijua?"

Bi Rahila alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Lakini mwezi uleule alimleta fundi akajenga bafu kwenye ghorofa hii, akatia na komeo la ndani. Aliwaambia wapangaji kwamba ni la wateja. Wateja gani wanaokuja kuchapisha barua wakakoga?"

Wote wawili wakacheka. Asmahani alimkumbuka fundi yule vizuri, kwa sababu Hilal, kutoka huko Maskati, aligomba sana kuhusu bafu lile.

Bi Rahila aliendelea, sasa amelegea kidogo. Alisema hakuona taabu kubwa. Maji yapo, mlango una kufuli, mlinzi wa duka la chini ni mtu mwema na hapandi juu. Alichokikosa ni jambo dogo. "Kitunguu," akasema. "Kukaanga kitunguu. Harufu ingemfikia wakili. Miaka yote hii nachemsha tu, kama niko hospitali."

Walipomaliza chai alikusanya vikombe. "Nitaondoka kabla notisi haijaisha, usiwe na wasiwasi. Nakuomba jambo moja tu, mwanangu. Lisitoke humu."

"Halitatoka," Asmahani akajibu.

Alimaanisha. Lakini Ijumaa Hilal alipiga simu, akasema wakili anaandaa mkataba na kwamba kuna kifungu kinachowataka wauzaji watamke kuwa hakuna mtu anayeishi ndani ya jengo. "Hakuna, sivyo?" Asmahani akachelewa kujibu, na mdogo wake alimfahamu vizuri. Akalazimika kusema.

Hilal alishtuka. "Miaka kumi na moja? Dada, mtu wa namna hiyo anaweza kwenda mahakamani akadai haki ya kukaa. Fadhil akisikia atarudi nyuma. Siku akienda sokoni badilisha kufuli, vitu vyake mtolee kwa heshima, mtafutie gari limpeleke kwao Moa."

"Kwa heshima," Asmahani akarudia.

"Ndiyo. Si lazima kumtukana mtu."

"Sibadilishi kufuli, Hilal."

Usiku huo hakulala vizuri. Mumewe, Rama, fundi wa mitambo wa bandarini, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kimoja tu: kwamba Asmahani hawezi kutia saini maneno anayojua si ya kweli. Hilo Asmahani alilijua hata kabla hajaambiwa. Asubuhi akampigia Bwana Fadhil, akamwomba waonane.

Walikutana Raskazone, nyumbani kwa Asmahani, kwenye baraza la nyuma. Asmahani alimweleza yote, akataja na jina la Bi Rahila, maana kulificha jina la mtu mwenye chumba namba tisa kusingekuwa na maana. Kisha akatoa alilolifikiria usiku: katika fungu lake, badala ya fedha zote, achukue fleti moja ndogo ya ghorofa ya pili, na ndani yake ampangishe Bi Rahila kwa kodi ileile aliyokuwa akilipa.

Bwana Fadhil alikizungusha kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Analala upande gani?"

"Wa bandarini."

"Kuna joto?"

"Sijui. Sikumuuliza."

"Mimi nimepanga vyumba vya kulala upande wa barabara," akasema. "Sijawahi kukutana na mtu aliyelala ndani ya jengo kabla sijalinunua, akaniambia. Fleti utapata, dada Asmahani. Afadhali umeniambia wewe kuliko ningejua mwenyewe siku ya kubomoa."

Asmahani aliondokewa na mzigo. Aliwaza namna atakavyompelekea Bi Rahila habari ile njema, akapanga kwenda Jumamosi na mkate wa kumimina. Hakufikiria kwamba habari ingemtangulia.

Suhaila alikwenda Alhamisi. Alikuwa ameambiwa na Bwana Fadhil, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alisimama mbele ya meza ya Bi Rahila, akaamkia, akauliza kwa upole, "Bibi, pole. Unalala salama humu?" Karani wa wakili alikuwa amekaa pale pale, akisubiri nakala zake.

Bi Rahila alimkabidhi karani nakala zake. Akazima kompyuta. Suhaila akaanza kueleza habari ya fleti, lakini Bi Rahila akawaomba wote wawili watoke, akafunga mlango.

Asmahani alipofika Jumamosi na mkate wake alikuta chumba namba tisa kimefungwa. Aligonga. Aliita. Wakili alitoka akasema Bi Rahila hajaonekana tangu juzi. "Si kawaida yake," akasema, kisha akamtazama Asmahani kwa jicho lililoonyesha kwamba karani wake alikwisha kumweleza. Asmahani aliuona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha mlango wa wakili, akaona haya. Alikuwa ameahidi kwa neno moja, na hakulishikilia wiki moja.

Aliweka mkate mlangoni, akaurudia ule mlango Jumapili, akaukuta mkate umechukuliwa. Aliketi kwenye ngazi, akasema kwa sauti ya kutosha kupita kwenye ubao.

"Bi Rahila, nimekukosea. Niliogopa mkataba, nikamwambia mdogo wangu, kisha nikamwambia mnunuzi. Nilitaka kukusaidia, lakini nilipaswa kuja kwako kwanza. Siri ilikuwa yako. Nisamehe."

Ilichukua muda. Kisha ufunguo ukageuka.

Bi Rahila alikuwa amevaa baibui lake, limepigwa pasi kama siku zote. "Kwa miaka kumi na moja," akasema, "nikipita ngazi hizi watu waliniamkia kama mtu mwenye kwake. Unajua kwamba ni hicho tu nilichokuwa nacho? Sasa naambiwa pole mbele ya karani wa wakili."

"Najua."

"Hujui. Lakini umekuja mwenyewe, hukutuma mtu." Akafungua mlango zaidi. "Ingia. Hiyo fleti ni nini? Yule binti alisema kitu kuhusu fleti nikawa simsikii."

Asmahani akaeleza. Bi Rahila alisikiliza kama alivyowasikiliza wateja wake, kichwa kimeinama upande, akitafuta neno lisilokaa sawa.

"Kodi ileile ni sadaka," akasema mwishoni. "Fleti mpya haipangishwi kwa kodi ya ofisi inayovuja."

"Basi sema wewe."

"Nitasema wakati ukifika. Sasa niitie yule binti. Kama amekwisha kujua, aje apime kwa haki, asiandike alama za kuuliza kwenye chumba changu."

Suhaila alirudi Jumatatu, mikono imemjaa ndizi na maneno ya kuomba radhi. Bi Rahila alizipokea ndizi, maneno akayakatiza. Akamwingiza stoo, akamwonyesha dirisha. Ilikuwa apime kwa dakika kumi. Wakakaa mpaka alasiri. Bi Rahila alimwambia mambo ambayo mchoro haukuwa nayo. Ukuta wa upande wa barabara unapigwa na jua tangu adhuhuri, na wakati wa isha ukiushika bado una moto. Atakayelala huko hatapata usingizi kuanzia Novemba hadi Machi. Masika mvua haiingii kwa paani kama kila mtu anavyodhani, inaingia kwa pembe ya kusini, inateremka ndani ya ukuta na kutokea ghorofa ya chini, ndiyo maana mafundi wamelitia paa lami mara nne bila faida. Meli ikipakua shehena upande wa bandarini kuna kelele, lakini ni kelele inayozoeleka, si kama pikipiki za mtaani. Na ngazi zisibomolewe, kwa sababu hewa yote ya jengo inapanda kwa hapo.

Suhaila aliandika kurasa sita. Wiki mbili baadaye mchoro mpya ulikuja, vyumba vya kulala vimehamia upande wa bandarini na ngazi zimebaki. Bwana Fadhil hakumpa mtu yeyote sifa, lakini siku ya kutia saini, katika ofisi ya wakili, aliuliza nani aliyechapa mkataba, akaambiwa ni Bi Rahila. Akasoma kurasa zote mpaka mwisho. "Hauna kosa hata moja," akasema. Kile kifungu cha watu wanaoishi ndani kilikuwa kimeandikwa upya: kulikuwa na mkazi mmoja, jina lake kamili, na tarehe atakayoondoka kwa hiari yake. Hilal alitia saini kwa njia ya wakala wake. Ijumaa iliyofuata alipopiga simu hakulitaja jambo lile, ila aliuliza kama mama yule amepata mahali.

Alikuwa amepata. Hakutaka kwenda Raskazone kwa Asmahani wala Moa kwa kakake. Alipanga vyumba viwili vya mbele Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kwa mwanamke mmoja aitwaye Hafsa aliyeuza maandazi asubuhi na kupokea nguo za kushona mchana. Asmahani na Rama walimsaidia kuhama kwa guta moja tu: meza, kompyuta, printa, kitanda, sanduku la bati, taipureta ya zamani. Wakili alishuka ngazi amebeba kiti chake mwenyewe mkononi akampa zawadi. Yule karani alibeba printa kwa hadhari kubwa, na Bi Rahila akamshukuru kwa jina lake.

Ujenzi ulichukua miezi kumi na minane. Jengo lilifunikwa kwa turubai la kijani, likatoa vumbi mpaka wenye maduka ya jirani wakalalamika. Asmahani alipita huko mara chache. Mara nyingi zaidi, alipotoka shuleni, alipita Ngamiani. Mwanzoni alikwenda kwa sababu ya deni lake la moyoni. Baadaye alikwenda kwa sababu alizoea. Alimkuta Bi Rahila na wateja barazani, na watoto wa jirani wakijaribu taipureta, na Hafsa akipiga kelele kutoka uani kuuliza mchuzi utoshe watu wangapi. Safari moja alimkuta anagombana. Jirani alikuwa amepanua banda lake hadi ukutani kwa Hafsa, na Bi Rahila alikuwa amesimama katikati ya njia, kidole juu, akimsomea sheria ndogo za halmashauri kwa kichwa. Asmahani hakuwahi kuisikia sauti yake ikifika mbali hivyo.

Fleti zilipokamilika, Bwana Fadhil alimletea Asmahani funguo mwenyewe. Siku ya pili Asmahani alimchukua Bi Rahila kwa bajaji, wakaenda kuiona.

Ilikuwa nzuri. Sakafu ya vigae vyeupe, jiko lenye kabati, bafu ndani, chumba cha kulala chenye dirisha pana la kutazama bandarini. Ukuta wa mbao haukuwapo tena. Bi Rahila alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Alipita taratibu, akafungua bomba, akafunga. Akasimama dirishani kwa muda, akipima kwa macho mahali kitanda chake kilipokuwa.

"Wamefanya kazi safi," akasema. "Yule binti anasikia akiambiwa."

"Basi tuandikiane lini?" Asmahani akauliza. "Ulisema kodi utasema wewe wakati ukifika."

Bi Rahila aligeuka. "Asmahani, mwanangu, keti."

Hapakuwa na pa kuketi, wakakaa sakafuni, migongo ukutani.

"Sirudi," Bi Rahila akasema.

Asmahani alijikuta ameumia kuliko alivyotegemea. Alikuwa ameibeba fleti ile kichwani kwa mwaka na nusu, akiitandika, akiipangia mapazia. Akauliza kama ni kodi, kama ni ngazi, kama bado ana kinyongo.

"Si kinyongo. Kinyongo kilikwisha siku ile mlangoni." Bi Rahila alinyoosha miguu yake. "Nililipenda jengo hili kwa sababu lilinificha. Lilikuwa na fadhila kwangu, na babako pia, Mungu amrehemu. Lakini nikikohoa usiku nilikohoa kwenye mto, mwanangu. Kule Hafsa akisikia nimekohoa anagonga ukuta, anauliza umekunywa dawa? Mwanzoni nilichukia. Nikasema huyu mwanamke ana udaku. Sasa nisipogongewa silali." Akacheka kidogo. "Hapa watakaa watu wenye milango mizito, kila mtu na lake. Ni pazuri kwa mtu anayetaka kimya. Mimi kimya nimekila nikashiba."

Asmahani alitazama dirishani. Nje, winchi ya bandarini ilikuwa inashusha kontena, na sauti yake ilikuja ndogo, imepungua kwa kioo kipya.

"Ungeniambia mapema," akasema.

"Nilitaka niione kwanza. Usije ukadhani nimekataa kitu nisichokijua."

Walikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, wakizungumza mambo mengine: binti wa wakili aliyeolewa Pangani, bei ya nazi, magoti ya Bi Rahila. Kisha wakashuka, Bi Rahila akishika ukuta kwa mkono wa kushoto, ngazi zikilia chini yao.

Mwezi huo Asmahani aliipangisha fleti kwa Ruthi, muuguzi kutoka Muheza aliyekuwa akihangaika na zamu za usiku na safari ndefu. Mkataba uliandikwa Ngamiani. Bi Rahila aliuchapa, akamsomea Ruthi kifungu baada ya kifungu kwa sauti, akisimama kila mara kuuliza kama ameelewa. Walipofika mahali pa matumizi ya chumba, Ruthi akauliza kama ataruhusiwa kumleta mama yake mzazi akae naye miezi ya mvua.

Bi Rahila akamtazama Asmahani.

"Amlete," Asmahani akasema.

Bi Rahila akaurudisha mkataba kwenye kompyuta, akaongeza mstari mmoja, akauchapa upya, na Hafsa akaja na sahani ya maandazi wakati printa bado inaunguruma.